Jina na Mwenziwe

Ajuaye jambo kwa muda mrefu husahau kwamba ilikuwako siku ambayo hakulijua. Usahaulifu huo si kosa kubwa kwa mtu alimaye shamba lake peke yake, au ashonaye nguo zake mwenyewe. Kwa mwalimu ni hatari, kwa sababu aliyesahau ugumu wa mlima hawezi kumngoja anayeupanda kwa mara ya kwanza.

Huko Mwandiga, nje ya mji wa Kigoma, mahali inapoanzia barabara ya kiasi cha kilomita 60 iendayo Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, aliishi mwalimu mmoja wa Kiswahili. Kiha alikipata nyumbani kwa mama yake bila ya kukitafuta. Kiswahili alikipata kwa juhudi, na kwa hiyo alikipenda kwa wivu, kama mtu apendavyo mali aliyoichuma kwa jasho. Utotoni alipelekwa chuoni Ujiji kusoma Kurani, akajua Kiarabu kidogo. Baadaye akasoma ualimu, akarudi kwao kufundisha.

Katika Kiswahili hakuna alichokitukuza kama ngeli. Aliposema, “Kiti kile kikubwa kimevunjika,” alisikia raha kuona kila neno limevaa vazi la mwenzake, kama ndugu wa nyumba moja siku ya Idi. Mtu aliyekosa ngeli mbele yake alimhesabu kama aliyeingia msikitini na viatu. Wanafunzi wake walilijua jambo hilo, na walio wajanja walinyamaza kila walipokuwa na shaka.

Mwaka mmoja aliletwa darasani binti wa miaka kumi na mmoja. Alizaliwa Uvira, upande wa Kongo, akasoma huko madarasa ya mwanzo, kisha akaja kukaa Mwandiga kwa mjomba wake. Juma la kwanza alisimama akasema, “Mwalimu, kitabu yangu imepotea.” Mwalimu akacheka. Akalirudia neno lile kwa sauti ya kuigiza, na darasa zima likaangua kicheko. Wakati wa mapumziko watoto waliliimba uwanjani: kitabu yangu, kitabu yangu. Tangu siku hiyo binti hakusema tena darasani. Alipoulizwa aliinamisha macho. Mwalimu akaandika katika taarifa yake kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa, kisha akayasahau mambo hayo.

Yaliyomkumbusha yalianzia mbali. Likizo moja alikwenda Dar es Salaam, na katika maktaba akaonyeshwa kamusi ya padri Charles Sacleux, aliyekaa miaka mingi Zanzibar na Bagamoyo. Kamusi hiyo ilianza kutolewa Paris mwaka 1939. Maneno ya Kiswahili yamejaa humo, ya mijini na ya visiwani, na lahaja za pwani zimetajwa kwa majina yake. Lakini maelezo yote ni ya Kifaransa. Mwalimu alifunua kurasa, akaona maneno aliyoyajua yamezungukwa na maneno asiyoyajua. Alikuwa kama mtu aliyekuta chumba katika nyumba ya baba yake kimefungwa kwa kufuli ya mgeni. Akaazimia kuutafuta ufunguo.

Kifaransa si lugha ngeni katika pwani ya Tanganyika. Mapadri Weupe, waliotumwa na Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji mwaka 1879. Wabelgiji waliingia Kigoma na Ujiji mwaka 1916 wakati wa vita na Wajerumani, wakatawala huko hadi mwaka 1921. Na hata leo, asimamaye ufukweni Kigoma jua likitua huiona milima ya Kongo, nchi ambayo serikali yake na shule zake hutumia lugha hiyo. Kwa hiyo mwalimu hakupata taabu ya kukipata kitabu. Ndugu yake mmoja, mfanyabiashara, alimnunulia Bujumbura kitabu cha mafunzo ya mwanzo.

Taabu ilikuwa ndani ya kitabu. Ukurasa wa kwanza ulimwambia kwamba kila jina la Kifaransa ama ni la kiume ama ni la kike, wala hakuna la tatu. Mbele ya jina hukaa kijineno cha kulitangulia. Kitu kikiwa kinajulikana, la kiume hutanguliwa na “le”, la kike na “la”. Kikiwa ni kimoja tu kisichojulikana, la kiume hutanguliwa na “un”, la kike na “une”. Vikiwa vingi tofauti hufichika: “les” kwa vinavyojulikana vyote, “des” kwa visivyojulikana. Baba ni “le père”, mama ni “la mère”. Hapo moyo wake ulitulia. Lakini ukuta ulikuwa “le mur” na mlango “la porte”. Paa lilikuwa “le toit” na meza “la table”. Usiku, mbele ya taa, aliitazama meza yake ya mninga aliyoitumia miaka mingi, asione uke wake ulipo.

Akataka sababu, maana alizoea kufikiri kwamba palipo na kanuni pana sababu. Alisoma kwamba jua ni “le soleil”, la kiume, na mwezi ni “la lune”, wa kike. Akasema moyoni: labda ni kwa ukali wa jua na upole wa mwezi. Kisha akakumbuka chuoni kwao Ujiji, ambako alifundishwa kwamba kwa Kiarabu “shams”, jua, ni la kike, na “qamar”, mwezi, ni wa kiume. Rafiki yake mmoja aliyejua Kijerumani akamwambia kwamba Wajerumani nao ni hivyo hivyo: jua la kike, mwezi wa kiume. Jua lilikuwa lilelile, na mwezi uleule. Hapo akafahamu jambo la kwanza, nalo ni kubwa kuliko alivyodhani: jinsia haimo katika kitu, imo katika jina. Kifaransa kilirithi majina mengi kutoka Kilatini, kilichokuwa na jinsia tatu. Ya tatu ilipopotea, majina yake mengi yalikwenda kukaa kwa wanaume. Mrithi hamwulizi marehemu kwa nini alinunua ng'ombe mwekundu badala ya mweupe.

Akaanza kuandika majina ya vitu vya kwao. Ziwa lilikuwa “le lac”, mtumbwi “la pirogue”, wavu “le filet”, samaki “le poisson”. Mchikichi ulikuwa “le palmier”, wa kiume, na kuti lake “la palme”, la kike, ingawa hutoka katika shina moja. Alipofika kwenye mafuta, kijineno kilipungua: “l'huile”. Mbele ya irabu, na mbele ya h isiyotamkwa, “le” na “la” hupoteza irabu zao na kufanana. Shule ni “l'école”, hospitali ni “l'hôpital”, mti ni “l'arbre”, maji ni “l'eau”. Mgeni hawezi kujua nani mume na nani mke. Ilimpasa kurudi kwa “un” na “une” ili kuwavua ushungi: “une école”, “un hôpital”, “un arbre”, “une huile”.

Kitabu kilimpa faraja kidogo. Kilisema miisho ya majina husaidia: yanayoishia kwa -tion na -té kwa kawaida ni ya kike, kama “la nation” na “la beauté”, yanayoishia kwa -ment na -age kwa kawaida ni ya kiume, kama “le gouvernement” na “le village”, na -eau nayo ni ya kiume, kama “le bateau”, yaani meli. Mwalimu alifurahi siku mbili. Siku ya tatu alikutana na “la page”, ukurasa, na “la plage”, ufukwe, na yote mawili ni ya kike. Kisha akayatazama tena maji. “Eau” ndiyo hiyo -eau yenyewe, nayo ni ya kike. Maji aliyoyanywa tangu utoto ndiyo yaliyomvunjia kanuni.

Mkewe alikuwa akiuza mawese sokoni Mwandiga. Siku moja alisimama kibandani kwake mfanyabiashara mmoja kutoka Burundi, aliyeongea Kifaransa kwa urahisi na mwenzake. Mwalimu alikuwa hapo. Akaona nafasi ya kujaribu alichokisoma, akaonyesha dumu la mawese, akasema kwa sauti ya darasani, “Le huile est bon.” Mgeni akatabasamu, akajibu kwa upole, “L'huile est bonne,” kisha hakuweza kujizuia, akacheka. Vijana wawili wabeba mizigo, ambao hawakujua Kifaransa hata kidogo, walitambua tu kwamba Mwalimu amekosea. Nao wakacheka, wakalirudia: le huile, le huile.

Makosa yalikuwa mawili, nayo yalikuwa madogo. “Le” ilikaa mahali pa “l'”, na sifa ya kiume ikapewa jina la kike. Mafuta yalifahamika kuwa mafuta, na uzuri kuwa uzuri. Lakini mwalimu alihisi uso wake ukiwaka. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ya soko. Siku nne hakukifungua kitabu, na siku ya tano mkewe alipomwuliza sababu, alijibu kwamba Kifaransa ni lugha isiyo na akili.

Usiku huo ndipo ilipomrudia sauti ya mtoto: kitabu yangu imepotea.

Alikaa kitako kitandani. Akajiuliza: kama yule Mrundi angalimwuliza kwa nini kitabu ni “changu” wala si “yangu”, angalijibu nini? Angalisema kitabu kimo katika ngeli ya ki-vi. Na kwa nini kimo humo? Kwa asili yake “kitāb” ni neno la Kiarabu, na hiyo ki- ni sehemu ya mzizi wake, wala haihusiani na ki- ya kiti na kisu. Waswahili waliisikia sauti, wakaifananisha na ya kwao, wakafanya “vitabu”, na vitabu vikawa. Basi sauti ya neno ndiyo iliyolipa kabila, kama -tion na -ment zinavyoyapa majina ya Kifaransa. Kitabu chenyewe hakina uki wala uvi, kama meza ya mninga isivyo na uke.

Akaendelea kuihesabu nyumba yake mwenyewe. Kiongozi ana ki- mbele, lakini husemwa “kiongozi huyu amefika”, kwa kuwa ana roho. Uhai umelishinda umbo. Kwa Kifaransa mambo ni kinyume: mlinzi wa zamu ni “la sentinelle” hata akiwa mwanamume mwenye ndevu, na sifa zake hufuata umbo la jina. Ndege arukaye mitini ni “ndege huyu”, na ile iendeshwayo na rubani ni “ndege hii”. Vivyo hivyo “le livre” ni kitabu na “la livre” ni ratili. Kila lugha ina mapatano yake, na aliyezaliwa ndani ya mapatano huyaona kuwa ndiyo akili yenyewe.

Na Kiswahili cha yule binti, kilitoka wapi? Kilitoka hapo hapo. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Ujiji, ikavuka ziwa na kuingia Manyema, na lugha ikaenda pamoja na mizigo. Katika nchi ya Kongo Kiswahili kilikutana na lugha nyingine nyingi, kikakaa nazo, kikapata desturi zake. Huko “kitabu yangu” ni usemi wa watu wazima wenye heshima zao. Mtoto yule alikuwa amekirudisha Ujiji Kiswahili kilichoondoka Ujiji, na mwalimu alikipokea kwa kicheko.

Kesho yake jioni alikwenda nyumbani kwa mjomba wa binti. Alikaribishwa kwa heshima na kuwekewa kiti.

“Nimekuja kwa neno moja,” akasema. “Mwaka huu nilimcheka mtoto wako mbele ya wenzake. Niliandika pia kwamba ni mzito. Yote mawili yalikuwa makosa yangu.”

Mjomba alinyamaza kidogo. “Mwalimu,” akasema, “hapa nyumbani husema mpaka tunamwomba anyamaze.”

Maneno hayo yalimchoma kuliko lawama. Akaomba binti aitwe, na ruhusa ya kumwuliza jambo la Kifaransa. Binti akaja, akaamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” akasimama karibu na mlango.

“Marahaba, mwanangu. Niambie, mlipokuwa Uvira, mlijuaje kwamba meza ni ya kike?”

Binti akamtazama mjomba wake, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Hatukujua kama ni ya kike. Tulijua ni ‘la table’.”

“Na ukisema meza peke yake?”

“Hatukusema peke yake. Maîtresse alionyesha, na sisi wote tukasema: la table, la porte, le mur, le banc. Moja kwa moja.”

Jibu hilo lilikuwa fupi, na lilikuwa limekosekana katika miezi yote ya juhudi yake. Alikuwa akijifunza majina upande mmoja na vijineno upande wa pili, kisha akihangaika kuwaoza. Watoto wa Uvira walipokea jina na mwenziwe kwa pamoja, kama mtu apokeavyo chungu na kifuniko chake. Ndivyo yeye mwenyewe alivyojua ngeli: hakuna mtoto wa Mswahili aliyeanza kwa kuambiwa kwamba jicho limo katika ngeli ya li-ya, alisikia “jicho lake”, “jicho hili”, “jicho linauma”, mpaka sikio likakataa lisilo hilo. Na ndivyo Kiha kilivyomwingia, ambacho majina yake mengi huvaa irabu mbele ya kiambishi, “umuntu” pale Kiswahili kisemapo “mtu”. Hakukumbuka siku aliyofundishwa kuivaa.

Wakapatana. Jioni mbili kwa juma, mbele ya mjomba, binti atamsikiliza Mwalimu akisoma, na kumsahihisha. Kisha Mwalimu atamsikiliza binti. Sharti lilikuwa moja: anayekosewa asiige kosa la mwenzake, bali aseme lililo sawa na kuendelea. Lilikuwa ndilo alilolifanya yule mfanyabiashara kabla hajacheka.

Ugumu uliobaki ulikuwa ni lini aseme “le” na lini aseme “un”, kwa kuwa Kiswahili hakina vijineno hivyo. “Kitabu” hutosha kwa vyote viwili. Lakini siku moja alimsikia binti akisema, “Nimeona kitabu,” na baadaye, “Nimekiona kitabu.” Akamsimamisha. Katika sentensi ya kwanza ni kitabu chochote. Katika ya pili ni kile tunachokijua mimi na wewe. Kazi ambayo Mfaransa huiweka mbele ya jina, Mswahili huiweka ndani ya kitenzi. Tena alisoma kwamba “le” na “la” zilitokana na maneno ya Kilatini “ille” na “illa”, yaani yule. Hapo zamani, basi, msemaji alikuwa akionyesha kwa kidole, kama asemavyo Mswahili “kitabu kile”. Kidole kilishuka kwa kuchoka, na neno likabaki.

Furaha yake kubwa ilikuja alipofikia somo la chakula. Mfaransa akitaja kiasi cha kitu kisichohesabiwa, hutanguliza “du” kwa kiume na “de la” kwa kike: “du poisson”, samaki kiasi, “de la viande”, nyama kiasi. Mstari uliofuata ulikuwa “du vin”. Binti akasoma, na mwalimu akamwomba arudie. “Du vin.” Mwalimu akapiga meza kwa kiganja. Divai! Neno alilolidhani la Kiswahili tangu kale lilikuwa Kifaransa, nalo liliingia na kijineno chake mgongoni, wakati mvinyo, uliotoka kwa Wareno, ulikuja bila ya mwenzi. Masikio ya wenyeji yalisikia neno moja, yakapokea neno moja.

Wala si mara moja tu. Katika visiwa vya Shelisheli, ambako watu husema Krioli iliyozaliwa na Kifaransa, meza ni “latab” na maji ni “delo”; vijineno vimeganda katika majina, na ule ume na uke umekwisha. Na Waswahili wenyewe husema alfajiri, alasiri na Alhamisi, na hiyo al- ni kijineno cha Kiarabu kilichosafiri na majina yake. Msikiaji wa kwanza hakukosea. Alipokea jina kama alivyolisikia, pamoja na mwenziwe, na hiyo ndiyo njia ya watoto wote.

Mwalimu alibadili mafundisho yake. Ubaoni haandiki tena jina peke yake. Huandika “kiti changu”, “mti wangu”, “jicho langu”, na watoto husema pamoja. Anayesema kwa desturi ya Kongo huambiwa kwamba huko ni hivyo, na katika mtihani ni hivi. Kifaransa chake bado kina makosa; kamusi ya Sacleux huisoma pole pole, na ukurasa mmoja humchukua jioni nzima.

Muhula ulipokwisha aliuliza darasani nani ana kitabu cha kusoma likizo. Binti aliinua mkono, akasimama.

“Mwalimu, kitabu changu kilipotea,” akasema. Akasita, macho yake yakiwatazama wenzake. “Lakini nimekiona.”

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alimwambia akisome kwa sauti, naye akakisoma.